Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu: Mwaka wa saba ukiondoka, mtoto wa kayumba atafidia wapi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Na wakurugenzi wa halmashauri zote za Mkoa wa Mwanza.

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Ilemela. Mimi ni mama, ninafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, na ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali (kayumba) iliyopo mtaani kwetu. Ninawaandikia kwa ajili ya watoto walio darasa la tano mwaka huu. Hawa ndio walioanza na mtaala mpya wakiwa darasa la tatu, Januari 2024. Hawa ndio watakaomaliza elimu ya msingi kwa miaka sita badala ya saba, na wanamaliza mwakani, 2027. Wenzao waliowatangulia darasa moja, walio kwenye mtaala wa zamani, nao watamaliza darasa la saba mwaka huohuo. Januari 2028 madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja.

Kwenye vikao vyetu jambo hili linazungumzwa kama suala la majengo: vyumba vingapi, madawati mangapi, matundu ya vyoo mangapi. Vyote hivyo vinahitajika kweli. Ila sijasikia mtu akiuliza watoto hao watakuwa wamefika wapi kwenye masomo siku wanapomaliza. Hilo ndilo ninalouliza mimi.

Mtaala wa nchi yetu ni mmoja. Ukiacha shule chache za kimataifa zinazofundisha mitaala ya nje, shule ya serikali na shule ya binafsi zote zinafuata muhtasari wa masomo wa TET, na watoto wao wanafanya mtihani uleule wa Baraza la Mitihani (NECTA), mmoja akiusoma kwa Kiswahili na mwenzake kwa Kiingereza. Kinachotofautiana ni mwendo. Shule nyingi za binafsi hapa mjini huwa zimemaliza mada za darasa la saba mtoto akiwa bado la sita, au mwanzoni kabisa mwa la saba. Muda unaobaki ni wa kufanya mitihani ya miaka iliyopita, ya majaribio, ya shule jirani. Kwa shule za serikali mambo ni kinyume chake. Mwalimu anaingia darasa la sita akiwa bado na mada za darasa la tano mkononi. Fidia ilikuwa inafanyika darasa la saba: walimu hodari wanapangwa huko, watoto wanabaki jioni, Jumamosi wanakuja, wazazi tunachanga uji. Mwaka ule mmoja ulikuwa unalipa madeni ya miaka sita.

Sasa mwaka huo unaondoka. Najua TET imepanga upya maudhui ili yatoshe ndani ya miaka sita, na sina ugomvi na miaka sita yenyewe. Lakini hesabu ya TET inasimama pale tu ambapo kila wiki iliyoandikwa kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa mada ipi ifundishwe lini, imefundishwa kweli. Shule iliyokuwa tayari inamaliza kwa miaka sita imepunguziwa mwaka wa marudio. Shule yetu imepunguziwa mwaka uliokuwa unatuokoa.

Naomba niwaonyeshe mwendo huu unavyoonekana kwenye daftari, kwa sababu ripoti zinazowafikia ofisini hazibebi madaftari.

Nyumbani kwangu wako watoto wawili wa darasa la tano. Mmoja ni wangu, yuko shule ya serikali, hizi tunazoziita kayumba. Mwingine ni binti wa mdogo wangu anayeishi nasi. Baba yake anamlipia shule ya mchepuo wa Kiingereza. Jioni wanakaa meza moja. Wote wawili wana akili nzuri, na hilo nalisema nikiwa mtu anayewapikia na kuwaona kila siku.

Daftari la Hisabati la binti lina tarehe kila ukurasa, maswali kumi kila zoezi, tiki za kalamu nyekundu, na pale alipokosea kuna sahihisho chini yake. Sasa wako kwenye asilimia. Juzi alikuwa anatafuta faida ya mtu aliyenunua gunia la mchele na kuuza kwa kilo. Daftari la mwanangu liko kwenye kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Maswali ni matano, yamenakiliwa ubaoni kwa mwandiko wa haraka. Kurasa mbili za mwanzo zina tiki. Baada ya hapo kurasa tatu nzima hazina alama yoyote ya mwalimu. Nikazisoma. Swali la kwanza ameandika kwamba nusu ukijumlisha na theluthi unapata mbili ya tano. Amejumlisha vya juu kwa vya juu, na vya chini kwa vya chini. Jibu limekuwa dogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo, wala hakushtuka. Akaendelea hivyohivyo mpaka swali la mwisho la ukurasa wa tatu, mwandiko umetulia kabisa, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Kisha darasa likahamia kwenye kutoa sehemu, na kosa lile akahama nalo.

Nikamkatia chapati vipande sita. Nusu ikawa vipande vitatu, theluthi viwili, akavihesabu: vitano vya sita. Akaelewa kabla chapati haijapoa, akafuta majibu yote na kuyaandika upya mwenyewe. Mtoto huyu hakuwa mzito wa kuelewa. Alikosa mtu mmoja wa kuangalia alichoandika.

Mwalimu wake simlaumu hata kidogo. Mkondo ule, yaani chumba kimoja cha darasa la tano, una watoto zaidi ya mia na ishirini, wakati mwongozo wa Serikali yenyewe unataka darasa la shule ya msingi liwe na watoto 45. Tupige hesabu pamoja. Kipindi ni dakika 40. Kila mtoto ukimpa dakika moja ya kusahihishiwa, watoto 120 wanakula saa mbili kamili, na hilo ni zoezi moja, la somo moja, la mkondo mmoja. Mwalimu huyo ana mikondo miwili ya Hisabati na anafundisha Sayansi pia. Kwenye darasa la binti kuna watoto thelathini na kitu. Kazi hiyohiyo inaisha kwa nusu saa na ushei, kabla kengele ya chai haijagongwa. Mwendo wa darasa unaamuliwa hapo. Mwalimu asiyejua nani ameelewa na nani hajaelewa ana njia mbili: arudie mada nzima kwa wote na kuchelewa, au asonge mbele na kuwaacha waliobaki nyuma. Walimu wetu wanafanya yote mawili, leo hili kesho lile, na mwisho wa mwaka mada hazijaisha na waliobaki nyuma bado wako nyuma.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto wengi waliokuwa wanazurura mialoni, kule mitumbwi ya samaki inakofikia, na kwenye minada walikuja shule. Lilikuwa jambo kubwa na nitalitetea mbele ya mtu yeyote. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi ya watoto, na ruzuku ya uendeshaji kwa mtoto wa shule ya msingi imebaki shilingi 10,000 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, tena sehemu yake haifiki shuleni kwa sababu inakatwa kwa ajili ya vitabu. Nikiwa kwenye kamati naona inavyoisha: chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, basi.

Tofauti hii inaanza mapema. Sera inatoa mwaka mmoja wa elimu ya awali. Mtoto wa shule ya binafsi anakaa chekechea miaka miwili, mara nyingi mitatu, na siku anapoanza darasa la kwanza anasoma sentensi. Wa kwetu wengine wanafika darasa la kwanza wakiwa ndiyo kwanza wanafundishwa kushika penseli, na wanaingia kwenye darasa ambalo mwalimu mmoja anafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa umati. Mihtasari yao inafanana neno kwa neno, ila walipoanzia hapafanani.

Kuhusu lugha nitasema kidogo, maana limeshasemwa sana. Mtaala mpya umeleta somo la Kiingereza tangu darasa la kwanza, na ni hatua nzuri, ingawa mwalimu anayetakiwa kulifundisha ni yuleyule mwenye watoto mia. Siombi shule za msingi ziache Kiswahili. Mwanangu anaielewa Sayansi kwa sababu anaisoma kwa lugha anayochezea. Ninachohofia ni Januari 2028, kwenye sekondari inayofundisha kwa Kiingereza, atakapokaa dawati moja na mtoto aliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea, na mwalimu wa kidato cha kwanza, mwenye madarasa mawili yaliyoingia kwa mpigo, akaamua kwenda na wale wanaomwelewa.

Msije mkadhani naomba shule za serikali zikimbie kama za binafsi. Naijua mbio ile kwa karibu. Binti anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi, anarudi jua linazama, Jumamosi anakwenda, na likizo anapewa kitini chenye kurasa zisizoisha. Kwenye ratiba yao kuna kipindi cha Sanaa na Michezo; kwenye madaftari yake kipindi hicho ni Hisabati. Anajua majibu ya maswali mengi ya Sayansi ambayo hajawahi kuona yakifanyika kwa vitendo, wakati mtaala huu mpya umeandikwa ili mtoto atende na apate umahiri. Akisinzia juu ya kitini saa tatu usiku, namfungia daftari na kumpeleka kulala, kesho yake anaadhibiwa.

Na wako wanaoangushwa na mbio hiyo. Serikali imeshakataza mara kadhaa shule kuwakaririsha darasa au kuwaondoa watoto kwa sababu hawakufikia wastani wa shule. Sisi wajumbe wa kamati tunajua kwamba inaendelea, kwa sababu tunawapokea. Wanakuja na barua ya uhamisho mwaka mmoja kabla ya mtihani wa mwisho, mzazi ameshauriwa kwa upole kwamba mtoto "atafaa zaidi kwingine". Tumempokea mmoja ambaye kwa miezi miwili hakunyoosha mkono darasani, maana amezoea kuulizwa kwa Kiingereza na ameshaambiwa hafai. Kisha shule iliyomtoa inaweka bango barabarani lenye picha za waliofaulu. NECTA iliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kuanzia matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, na niliunga mkono. Mabango lakini bado yapo, na mzazi anayepita na daladala hana kingine cha kulinganishia.

Sasa niwapeleke visiwani, kwa sababu Mwanza haiishii Igoma na Buhongwa, pembezoni mwa jiji.

Biashara yangu inanifikisha Ukerewe, Ukara na visiwa vya Buchosa. Kule shule inakwenda na mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inapumzika. Basi siku za giza, mitumbwi inaporudi alfajiri, mwalo mzima unaanika, na mikono ya watoto inahitajika. Utamkuta mvulana wa darasa la nne anatandaza dagaa kwenye kichanja, anawageuza, anafukuza kunguru na yangeyange, na jua likishapanda ndipo anapokumbuka kengele. Mama yake hamchukii shule. Dagaa wasipokauka siku hiyo wanaharibika, na hakuna pesa ya sare wala ya unga. Mbalamwezi ikirudi darasa linajaa tena. Na familia nyingine zinahama kabisa kambi kufuata samaki, mtoto anaanza muhula kisiwa hiki na kuumalizia kingine, bila hata barua ya uhamisho.

Kalenda ya shule ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Mtoto wa mwaloni hazipati. Mwalimu mmoja wa kisiwani alinionyesha shajara yake ya somo. Kila mada ilikuwa na tarehe ya kuanza, na safu ya maoni ilikuwa imejaa maneno yaleyale kwa mwandiko uleule: "mahudhurio hafifu, itarudiwa", "mahudhurio hafifu, itarudiwa". Nilimuuliza nani huwa anaisoma. Akasema mwalimu mkuu anaweka sahihi, mthibiti ubora akija anaangalia kama imejazwa. Kama imejazwa. Hakuna aliyewahi kurudi kwake kumuuliza: hizi mada ulizoandika zitarudiwa, zilirudiwa lini?

Hapo ndipo ombi langu la kwanza linapotoka, waheshimiwa, na halihitaji fomu mpya wala mfumo mpya wa kompyuta. Taarifa za mwendo wa kila darasa zipo tayari, zimeandikwa kwa mkono wa walimu, ziko makabatini. Agizeni kwamba kila mwisho wa muhula shule ioneshe kwa kila darasa na kila somo ni mada zipi zilipangwa, zipi zimefundishwa, na zipi zimerukwa. Ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na wa kata. Iwe hivyo kwa serikali na kwa binafsi, kwa sababu darasa lililo nusu mwaka mbele ya muhtasari linahitaji kuulizwa maswali kama lile lililo nusu mwaka nyuma. Leo mzazi anaonyeshwa matokeo peke yake, tena wakati ambapo hakuna tena cha kurekebisha.

La pili ni la haraka zaidi. Darasa la tano la shule za serikali lipewe watu mwaka huu, kabla halijawa la sita. Mwanza ina vijana waliomaliza ualimu, wengine hapohapo chuo cha ualimu Butimba, ambao wako mitaani wanaendesha bodaboda wakisubiri ajira. Halmashauri zikiwachukua kwa mkataba kutoka mapato ya ndani, hata wawili kwa shule, kazi yao ya kwanza iwe kusahihisha madaftari ya Hisabati, Kiingereza na Sayansi na kukaa na vikundi vidogo vya waliobaki nyuma. Mwalimu wa darasa abaki kuwa mwalimu wa darasa. Najua mtasema bajeti. Lakini ushuru tunaolipa Mwaloni kila siku unaingia katika mapato hayohayo, na watoto wanaoanika hao dagaa ndio ninaowaombea.

Kuna pia shule za mjini kati zenye walimu wanaotosha huku za visiwani zikiwa na walimu watatu au wanne kwa madarasa yote. Kuhamisha mwalimu kwenda kisiwani bila nyumba ni kumtuma akatafute namna ya kurudi, hilo nalielewa. Jengeni nyumba ya mwalimu kabla ya chumba cha ziada cha darasa. Vyumba visivyo na mwalimu tunavyo tayari.

Kwa shule za mialo naomba jambo ambalo halina gharama. Waruhusiwe walimu wakuu, kwa idhini ya ofisa elimu, kupanga ratiba ya siku za giza tofauti na ya siku za mbalamwezi: Hisabati na Kiswahili ziende vipindi vya saa nne na kuendelea, watoto wanapokuwa wamefika, badala ya kufundishwa saa mbili asubuhi kwa madawati matupu. Na chakula cha mchana. Kisiwani ambako dagaa wanapimwa kwa ndoo, shule haikosi mboga. Kinachokosekana ni unga, kuni na mtu wa kuratibu. Mtoto akijua kuna ugali saa saba, anakuja hata akiwa amechelewa, na akija anabaki hadi vipindi vya mchana. Wazazi tuko tayari kuchangia kama michango hiyo itasimamiwa na kamati na kusomwa hadharani.

Shule za binafsi mzikague kwa madaftari, msiishie kwenye majengo na matokeo. Fungueni madaftari ya Sanaa na Michezo muone kama yapo. Hesabuni walioingia darasa la nne na waliofika la saba, na kila jina lililokosekana liwe na maelezo. Wamiliki wengi ni watu wa heshima wanaofanya kazi kubwa, na sidhani wataogopa kuhesabiwa.

Kwa Januari 2028, nawasihi kozi ya Kiingereza ya mwanzo wa kidato cha kwanza ipewe wiki za kutosha na isifupishwe kwa kisingizio kwamba vyumba vimejaa. Na kabla ya hapo TET itume watu wake kwenye visiwa vya Ukara na Maisome kama inavyowatuma mjini, wakakae darasani wiki nzima wakati wa giza, waone azimio lao la kazi likitekelezwa.

Mwisho wa muhula huu kamati yetu ina mkutano na wazazi wa darasa la tano. Wataniuliza watoto wao wamebakiza mada ngapi, nani atazifundisha, na lini. Naomba majibu ya maswali hayo matatu yafike shuleni kwetu, na kwenye shule nyingine zote za mkoa, kabla ya mkutano huo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi na mjumbe wa kamati ya shule,
Ilemela, Mwanza